Mchumia Juani Hula Wapi? Kivuli cha Mti katika Lugha na Fasihi ya Mji

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuweka mti upande wa shamba, na mji upande wa mawe, mabati na lami. Mti ukitajwa katika riwaya, mhakiki huona mara moja ishara: jadi, ukoo, mizimu, kijiji kilichoachwa nyuma. Mji ukitajwa, huona ulevi, uhuni na ukosefu wa kazi. Mgawanyo huu haukuzuka bure. Una mizizi katika maandishi yenyewe. Katika Utubora Mkulima Shaaban Robert anamwonyesha mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima, na katika kulima akapata utulivu. Katika Rosa Mistika (1971) Euphrase Kezilahabi anamtoa msichana katika kijiji cha Ukerewe na kumpeleka penye mambo yanayomwangamiza. Wasomaji wa vizazi viwili wamejifunza kwa njia hiyo kwamba miti ni ya kule walikotoka watu, si ya huku walikofika.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mgawanyo huo hauwezi kulieleza. Mtu wa mjini naye hukaa chini ya mti, na hakai hapo kwa kuwa anakumbuka kijiji chake. Hukaa kwa sababu jua ni kali, kodi ya chumba cha biashara ni kubwa, na wateja hupita hapo. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba lugha ya Kiswahili, kwa methali zake, majina yake ya mahali na msamiati wake wa kazi, imekwisha kumtambua mkaa-kivulini wa mjini, na kwamba uhakiki ndio uliobaki nyuma ya lugha. Mfano utakaotumiwa ni miji ya mpakani ya Malaba na Busia, pamoja na Amagoro, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya mama ya walio wengi bali ni lugha ya njia, ya soko na ya ofisi.

Mji wa mpakani

Hadi mwaka 1902 sehemu hizi zilihesabiwa kuwa za Uganda. Mwaka huo Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika utawala uliokuja kuitwa Kenya, na Waiteso wakajikuta pande mbili za mpaka. Amagoro ikawa mahali pa ofisi za serikali. Malaba, kilomita chache kutoka hapo, ikawa lango. Reli hupita hapo kwenda Tororo na Kampala, na barabara kuu inayotoka Mombasa huvukia hapo. Busia, iliyo kusini, ni lango la pili la barabara. Majina ya mahali kama Amagoro, Amukura na Angurai ni ya wenyeji. Kiswahili kilikuja na askari, karani, mfanyabiashara na dereva, kikakaa.

Maisha ya mji wa namna hii ni maisha ya kungoja. Dereva wa lori hungoja karatasi zake zipite forodhani. Wakala wa forodha humngoja dereva. Mbadilisha fedha huwangoja wote wawili, na mwenye boda boda humngoja yeyote atakayetaka kuvuka. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa ugonjwa wa korona kabla ya kuvuka, malori yalipanga mstari wa kilomita nyingi nyuma ya lango la Malaba, na watu wakalala chini ya matela kwa siku kadhaa. Tela la lori likageuka kuwa mti wa mtu asiye na mti.

Kwa hiyo kivuli mpakani si pambo. Ikweta haiko mbali. Saa sita za mchana jua husimama karibu utosini, na kivuli cha ukuta hupungua hata kisitoshe mtu mmoja. Mti wenye matawi mapana, kama mwembe, ndio pekee unaoweza kuwafunika watu wengi saa hiyo. Asubuhi kivuli chake huangukia magharibi, jioni mashariki, na mwenye kigoda na bidhaa hukifuata kadiri siku inavyokwenda. Fundi viatu, mwuza ndizi na kinyozi hujua vizuri nani hukaa upande gani na saa ngapi. Ni utaratibu usioandikwa popote, lakini akija mgeni akakaa pasipo pake ataambiwa.

Methali na maisha

Methali inayohusu jambo hili waziwazi kuliko zote ni ile isemayo: Mchumia juani hula kivulini. Kwa kawaida walimu huifasiri kuwa sifa ya bidii: anayetaabika leo atastarehe kesho. Tafsiri hiyo ni sawa, lakini haijagusa jambo ambalo methali inalichukulia kuwa la hakika. Inachukulia kwamba kuna mahali pawili na nyakati mbili. Jua ni mahali na wakati wa kazi. Kivuli ni mahali na wakati wa kula. Na zaidi ya hayo, inachukulia kwamba kivuli kipo, na kwamba aliyechuma hatazuiwa kukiingia. Huo ndio ulimwengu wa mkulima. Jembe liko kondeni, mti uko mpakani mwa konde, na hapana anayemwuliza mkulima kwa nini amekaa chini yake.

Methali hiyo ikiletwa Malaba, mpango wake unavurugika. Mbadilisha fedha aliye chini ya mwembe hali kivulini, anachuma kivulini. Fundi viatu naye vilevile. Kwao kivuli ni chombo cha kazi kama nyundo na mizani, na anayekipoteza hupoteza wateja wake, maana wateja nao hufuata kivuli. Kwa upande mwingine, mchukuzi wa mizigo na mwuza maji anayetembea baina ya malori huchuma juani na kula juani. Methali haikumkusudia. Hapa pana mambo mawili ya kuangaliwa na mhakiki: kwamba mji umeigeuza starehe kuwa kazi, na kwamba umewagawa wavujajasho wenyewe kwa wenyewe kati ya wenye kivuli na wasio nacho.

Methali ya pili yasema: Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mrefu, na kivuli chake huangukia mbali na shina lake. Aghalabu methali hii hutajwa juu ya mtu mkubwa ambaye neema yake haiwafikii jamaa zake. Mkazi wa mji wa lango anaweza kuifasiri kwa namna yake. Mali ipitayo Malaba huenda Kampala, Kigali na Juba, na ushuru wake huenda hazina. Kwa walio shinani hubaki vumbi, moshi na yale machache yauzwayo kwa wapitao. Si lazima kuiongezea methali maana mpya. Yatosha kuisoma mahali ambapo maana yake ya kale imepata mfano mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Ya tatu inajulikana na kila mtoto wa shule: Penye miti hapana wajenzi. Mti katika methali hii ni boriti na nguzo. Thamani yake ni ile utakayopata ukiukata. Ukiigeuza methali hii utapata habari ya miji mingi: penye wajenzi hapana miti. Barabara hupanuliwa, uwanja wa malori huongezwa, na kila mara kinachoondolewa kwanza ni kile kisicho na hati. Ujenzi huo nao una faida zake. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, vimepunguza siku za kungoja, na anayengoja kidogo huhitaji kivuli kidogo. Lakini waliokuwa wakiishi kwa kuwahudumia wangojaji hawakuhesabiwa katika faida hiyo.

Majina na msamiati

Sarufi yenyewe inatoa ushahidi. Neno kivuli ni nomino ya ki-/vi-, na upatanisho wake ni wa kawaida: kivuli hiki ni kikubwa. Likipewa kiambishi -ni, upatanisho hubadilika: kivulini hapa ni pazuri, kivulini mna watu. Jambo hili hutokea kwa nomino nyingi, na pengine kwa sababu hiyo halijashangaza. Lakini kwa neno hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kivuli si kitu cha kushikika. Ni upungufu wa mwanga tu, nao huhama kila saa. Lugha imeuchukua upungufu huo ikaufanya mahali: pa kukaa, pa kukutania, pa kuelekezea mgeni. Shina hilo hilo la -vuli liko katika uvuli na mvuli, na linasikika pia katika mwavuli, ambao leo ndio mti wa wakala wa fedha za simu aliyekosa mti. Mti ukikatwa, kivuli hutoweka mara moja. Kinachotoweka polepole, na kwa hasara kubwa zaidi, ni kivulini.

Majina ya mitaa ya pwani yanathibitisha kwamba jambo hili ni la zamani mijini. Mombasa ina Mwembe Tayari. Unguja ina Mkunazini na Mwembeladu. Dar es Salaam ina Mwembechai na Mkwajuni, na jina la Mnazi Mmoja liko Dar es Salaam na Unguja pia, ijapokuwa mnazi ni mti wa kivuli haba. Majina haya si ya kijiji kilichomezwa na mji, wala si ya huzuni ya kukumbuka shamba. Ni majina ya watu wa mjini waliotaka kusema mahali pa kukutana, wakatumia alama iliyoonwa na wote. Hata pale ambapo mti wenyewe haupo tena, jina hubaki likifanya kazi yake. Mkwaju huo huo Waiteso huuita epeduru. Anayejua lugha zote mbili anaweza kuona jinsi mti mmoja ulivyopata kuwa mtaa katika mji wa pwani, na huku ukabaki mti.

Neno baraza limesafiri njia iliyo kinyume. Pwani baraza ni kibao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, mahali pa mazungumzo na kahawa. Lilipopanda bara pamoja na utawala, liliacha mawe nyuma. Katika Kenya ya bara baraza likawa mkutano wa chifu na raia wake, na mkutano huo kwa desturi hufanywa uwanjani, aghalabu chini ya mti. Katika tarafa za Amagoro, kama kwingineko, habari za kodi, usalama, shule na chanjo zimesikiwa na watu wengi kwa mara ya kwanza chini ya matawi, na kwa Kiswahili. Hivyo neno lililokuwa la jengo likawa la tukio, na mti ukachukua nafasi ya jengo. Anayeandika historia ya Kiswahili cha bara bila kuutaja mti huo anaacha nje darasa kubwa la lugha hii lisilo na kuta.

Usemi wa kuzunguka mbuyu nao umesafiri. Mbuyu si mti wa kawaida wa Magharibi ya Kenya, lakini kila msemaji wa Kiswahili kwenye lango la forodha anaelewa anayesema kwamba fulani amezunguka mbuyu: ametoa hongo. Shina la mbuyu ni pana kiasi cha kuwaficha watu wawili. Usemi huu wafaa kukumbukwa na kila anayetaka kuusifu mti kupita kiasi. Kivuli huwapa watu nafasi ya kupumzika, na vilevile huficha. Maneno hayo mawili katika lugha hayako mbali.

Mpaka huu nao umetoa neno lake. Boda boda, kwa asili, ni baiskeli iliyowabeba watu kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Neno hilo lilianza hapa, likaenea Afrika ya Mashariki yote, na sasa hutumiwa kwa pikipiki mahali ambapo hapana mpaka wowote. Waendeshaji wake wana steji, na steji nzuri ni ile yenye mti. Tanzania vijana wa namna hiyo hukaa kijiweni. Ni jambo la kuangaliwa kwamba lugha imetafuta jina la mahali pa wangojaji kwa jiwe, kwa gari na kwa mti, lakini si kwa nyumba.

Juu ya maneno yote haya liko neno jua kali. Nchini Kenya neno hili ndilo jina la mafundi na wachuuzi wasio na karakana: wafua mabati, waunda masufuria, watengeneza magari kando ya njia. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kulitumia neno hilo katika mipango yake, na mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi wakaahidiwa na kujengewa vibanda. Tabaka zima limepewa jina kwa kile lilichokosa. Halikuitwa tabaka la nyundo, wala la mabati, wala la umaskini, bali la jua. Na msaada wa kwanza uliofikiriwa ulikuwa paa. Ukiweka jua kali kando ya mchumia juani, utaona kwamba lugha ya mji imeijibu methali: wapo wanaochuma juani ambao kivuli kwao ni ahadi ya serikali.

Riwaya, tamthilia na macho ya mhakiki

Kama lugha imesema mengi hivi, uhakiki umesema nini? Chukua Dunia Mti Mkavu (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Wahakiki wameieleza kwa haki kuwa ni riwaya ya wanyonge wa Unguja chini ya ukoloni na ya mapambano yao na wenye mali. Jina lake wamelifasiri kwa msemo wa kale unaoonya mtu asiuegemee ulimwengu, maana ni mti mkavu na utavunjika. Lakini mti mkavu una kasoro nyingine kabla ya ile ya kuvunjika: hauna majani, na kwa hiyo hauna kivuli. Kwa mtu mwenye shibe, kasoro ya dunia ni kwamba haitadumu. Kwa mnyonge anayefanya kazi juani, kasoro yake ni kwamba haimfuniki hata sasa. Riwaya inayowahusu wanyonge inastahili kusomwa kwa kasoro hii ya pili kwanza.

Katika Kuli (1979), riwaya ya Shafi Adam Shafi inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, wahakiki wamejadili zaidi ujira, umoja na mwamko wa Rashidi. Ni mambo makubwa, na hapana haja ya kuyapunguza. Hata hivyo kazi ya kibarua ina nusu mbili: kubeba na kungoja kuitwa kubeba. Mhakiki akiuliza makuli hungoja wapi, nani huwaona wakingoja, na ni mahali gani maneno ya mgomo yanaweza kuzungumzwa pasipo kusikiwa na msimamizi, atakuwa ameanza kusoma mandhari kama sehemu ya siasa. Mandhari kwa wahakiki wengi ni pazia lililotundikwa nyuma ya wahusika. Katika maisha ya kibarua mandhari ni masharti ya kazi.

Kivuli Kinaishi (1990), tamthilia ya mwandishi huyo huyo wa Dunia Mti Mkavu, inatukumbusha upande mwingine. Kivuli cha jina hilo si cha kupumzikia. Ni kile kinachomfuata mtu na kubaki akiwa ameondoka, na katika nchi ya Giningi, chini ya Bi Kirembwe, kinahusu utawala unaotia watu hofu na kuwapumbaza. Kiswahili hakina maneno mawili yaliyotengana kabisa kwa kivuli cha kutisha na kivuli cha kufunika. Wapo watakaoona huo ni uhaba. Ni afadhali kuona kwamba lugha inajua jambo: aliye kivulini mwa mwingine amefunikwa naye, na papo hapo yuko chini yake. Raia aliyekaa chini ya mti wa baraza mbele ya chifu anafahamu maana zote mbili bila kamusi.

Inaweza kusemwa, kwa kupinga hoja hii, kwamba fasihi si kilimo cha miti wala mipango ya miji, na kwamba mti katika sanaa una haki ya kuwa ishara. Haki hiyo haikataliwi. Kinachokataliwa ni haraka. Ishara hupata nguvu yake kwa kitu ambacho watu wanakifahamu kwa kukitumia. Mti usiomfunika mtu yeyote hauwezi kuashiria ulinzi. Mwaka 2020, barabara mpya ya juu ilipojengwa Nairobi, mugumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way ulikuwa ukatwe, na watu wakapinga hata serikali ikaamua uachwe. Katika utetezi ule ilitajwa heshima ya mugumo katika mila za Wagikuyu, na pamoja nayo hewa na mandhari ya jiji. Ishara na matumizi vilisimama pamoja, na hapana aliyelazimika kuchagua.

Hitimisho

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la watunga kamusi na watafiti wa lugha. Maneno ya kungoja na kukaa kivulini katika miji ya bara, yaani steji, baraza kwa maana yake ya bara, boda boda na jua kali, yanastahili kukusanywa pamoja na mahali yanapotumiwa, si kama maneno ya mitaani ya kusahihishwa. Miji ya mpakani ndiyo pa kuanzia. Kenya imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi katika Katiba ya 2010, na Uganda iliamua mwaka 2022 kukipa nafasi ya lugha rasmi na kukifundisha shuleni. Mwalimu wa Tororo na mwalimu wa Amagoro watahitaji mifano. Ile iliyo karibu yao iko chini ya mti, na wasemaji wake ni Waiteso, Waluhya, Wajaluo, Wasamia na madereva wa mataifa mengi.

La pili ni la wahakiki. Mti unapotajwa katika riwaya ya mji, swali la kwanza lisiwe unaashiria nini, bali nani amekaa chini yake, tangu saa ngapi, na kwa idhini ya nani. Majibu yataleta ishara yenyewe, nayo itakuwa imara zaidi. Wahenga walisema kwamba mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Tumeizoea methali hiyo katika maombolezo ya wakubwa. Katika miji ya barabara inayopanuliwa hutimia bila mafumbo: mti huanguka asubuhi, na kabla ya jua la saa sita fundi viatu, kinyozi na mwuza ndizi wamekwisha kutawanyika, kila mmoja akitafuta pa kuweka kigoda chake.